Limau, Magadi na Mkojo wa Mtu

Hapa kwetu Maganzo watu wamezoea kuzungumza habari za almasi, za mvua na za bei ya pamba. Siku hizi limeingia neno lingine katika mazungumzo, nalo ni asidi. Mtu akiumwa mgongo, husema ana asidi. Akichoka, ni asidi. Mtoto akikonda, mama yake huambiwa kwamba damu ya mtoto imechacha. Nao wapo wachuuzi wapitao siku ya gulio, wenye vijikaratasi vya kuchovya katika mkojo, na chupa za dawa ya kuiondoa hiyo asidi. Karatasi ikigeuka rangi, mtu hushikwa na hofu, na mwenye hofu hununua upesi.

Kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wetu wametuuliza jambo hili mara nyingi, tumeona yafaa tulieleze hapa kwa utaratibu. Sisi si waganga, ni walimu tu. Lakini jambo hili lina elimu yake, nayo si ngumu kwa mtu atakayeifuata hatua kwa hatua.

Kwanza tujue asidi ni kitu gani. Vijana wetu waliokwenda Geita kuchimba dhahabu wanaijua tindikali. Mnunuzi huidondosha juu ya kipande cha njano: kama ni shaba nyeupe, tindikali hutoa povu na kuila, kama ni dhahabu, haiidhuru. Tindikali ile ni asidi kali. Limau, ukwaju, ubuyu na maziwa ya mtindi vina asidi pia, lakini hafifu, ndiyo maana vyaukereketa ulimi bila kuuchoma. Kinyume cha asidi ni alkali. Magadi ni alkali, na maji ya majivu ni alkali, hata sabuni ya kufulia ina tabia hiyo. Asidi na alkali zikikutana, kila moja huvunja nguvu ya mwenzake.

Darasani twaonyesha jambo hili kwa choya, yale maua mekundu ambayo watu huyachemsha wapate kinywaji. Tulimimina maji ya choya katika glasi tatu. Ya kwanza tuliiacha ilivyo. Ya pili tuliitia limau, ikazidi kuwa nyekundu. Ya tatu tuliitia maji ya magadi, ikageuka mara moja kuwa na rangi ya kijani kibichi. Kisha tukaongeza limau kidogo kidogo katika ile ya kijani, na wekundu ukarudi mbele ya macho yao. Wanafunzi walifurahi, na mmoja wao, binti mdogo wa safu ya nyuma, akainua mkono akasema, "Mwalimu, nikila limau, na damu yangu itageuka?"

Swali lile ni zuri kuliko maneno mengi yanayosemwa gulioni. Jibu lake ni hapana, na sababu zake ndizo tunazotaka kuzieleza.

Wataalamu wana kipimo cha kupimia asidi na alkali, kiitwacho pH. Kilitungwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mtu wa Denmark, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Kwa kawaida kipimo hiki huhesabiwa toka 0 mpaka 14. Saba ni katikati. Chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni alkali. Tena kila hatua moja ni mara kumi: kitu cha tano kina asidi mara mia kuliko kitu cha saba.

Basi damu ya mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, wala haitoki humo. Akila nyama ya sherehe siku tatu mfululizo, hukaa humo. Akila matembele na viazi mwezi mzima, hukaa humo. Tumbo ni mbali kabisa na damu: maji yake hufika mpaka 2 au chini ya hapo, ni asidi kali, nayo ni kazi yake, maana huanza kukivunja chakula na kuua vijidudu vingi. Mkojo nao waweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8. Msomaji na aangalie tofauti hii: damu ina njia nyembamba, mkojo una uwanja mpana.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mwili una walinzi. Wa kwanza wamo ndani ya damu yenyewe, nao huipokea asidi na kuituliza papo hapo, kama vile magadi yalivyotuliza limau katika glasi. Wa pili ni mapafu. Kila tunapotoa pumzi twatoa hewa ya kaboni, ambayo katika damu hufanya asidi. Kwa njia hiyo sehemu kubwa mno ya asidi ya mwili hutoka kila siku bila sisi kufikiri. Wa tatu ni figo. Asidi isiyoweza kutoka kwa pumzi, figo huichuja na kuitia katika mkojo. Alkali ikizidi, figo huitoa hiyo vilevile.

Tuseme kwa mfano wa nyumbani. Ukipita mbele ya nyumba ukamwona mama anamwaga maji machafu nje, husemi kwamba nyumba yake ni chafu. Wasema kwamba ndani watu wanafagia na kuosha. Mkojo wenye asidi ni kama maji yale. Haushuhudii kwamba damu imeharibika. Washuhudia kwamba figo zinafanya kazi yake.

Sasa tuje kwenye vyakula. Ni kweli kabisa kwamba chakula hubadili mkojo. Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa, aliliona jambo hili katika karne ya kumi na tisa, na alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1865. Aliletewa sungura kutoka sokoni, akashangaa kuona mkojo wao ni mweupe usio na utusitusi, tena una asidi, maana wanyama walao majani huwa na mkojo mzito wenye alkali. Akafikiri kwamba huenda wale sungura walikuwa na njaa. Akawapa majani, mkojo ukawa wa alkali. Akawanyima chakula, ukarudi kuwa na asidi. Mwenye njaa, alisema, hujila mwili wake mwenyewe, kwa hiyo huwa kama mla nyama. Kisha akawalisha nyama ya ng'ombe iliyopikwa, na mkojo wao ukabaki na asidi. Sisi Wasukuma tufugao ng'ombe na mbwa katika boma moja tunao mfano huo mlangoni petu: mkojo wa ng'ombe mla majani una alkali, na wa mbwa mla nyama una asidi.

Sababu yake ni hii. Nyama, samaki, dagaa na mayai vina vitu vya kujenga mwili ambavyo ndani yake mna kiberiti kidogo. Mwili ukivitumia, kiberiti kile hubaki kama asidi, nayo lazima itolewe. Nafaka, yaani mahindi, mtama, uwele na mchele, nazo huacha asidi kiasi, karanga vilevile. Lakini matunda, mboga za majani na viazi vina potasiamu nyingi iliyoshikana na asidi hafifu za mimea. Mwili huzichoma zile asidi hafifu kama kuni, zikaisha kwa njia ya pumzi, na kinachobaki nyuma ni alkali.

Hapo ndipo mwenye kufuata ulimi hupotea. Limau ni kali kinywani, lakini likishatumiwa mwilini huacha alkali. Nyama si chachu hata kidogo, lakini huacha asidi. Ulimi hauwezi kutuambia kitakachofika kwenye mkojo.

Mwaka 1995 Thomas Remer na Friedrich Manz wa Dortmund, Ujerumani, walitoa hesabu ya jambo hili kwa kila gramu 100 za chakula. Nyama ya ng'ombe na mayai hupata kadiri ya 8 upande wa asidi, na karanga vilevile. Mkate mweupe karibu 4. Maziwa hayafiki hata 1, yaani yako karibu na katikati. Upande wa alkali, maji ya limau hupata 2 na nusu, viazi mviringo 4, ndizi mbivu 5 na nusu, na zabibu kavu 21.

Sisi wenyewe tulijaribu, tukiwa walimu wawili, kwa karatasi za litmasi za shule. Siku tatu tulikula ugali wa mtama kwa nyama na dagaa, bila mboga wala matunda. Karatasi ya buluu tuliyoichovya asubuhi ya siku ya nne ikawa nyekundu kabisa. Siku tatu nyingine tulikula viazi vitamu, mchicha, ndizi, mapapai na machungwa. Mara hii karatasi ilibadilika kidogo tu, ikawa ya zambarau. Kwa siku zote sita tulifundisha kama kawaida, tukalala vizuri, wala hatukuona tofauti yoyote ya afya. Mkojo ulibadilika; sisi hatukubadilika.

Yatupasa tuongeze kwamba chovyo moja halisemi mengi. Mkojo wa alfajiri mara nyingi huwa na asidi kuliko wa baada ya kula, hata kwa mtu yule yule aliye mzima. Tena mkojo wa alkali si dalili ya heri siku zote, kwa maana baadhi ya vijidudu vinavyoingia kibofuni huufanya mkojo kuwa wa alkali, na mwenye ugonjwa huo ataambiwa na mchuuzi kwamba yeye ni mzima kuliko wote!

Kuna wanaosema kwamba asidi ya chakula hula mifupa. Tanya Fenton wa Canada na wenzake walizikusanya tafiti nyingi na kuzichunguza pamoja, wakatoa habari mwaka 2009, nao hawakuona kwamba asidi hiyo inaiondolea mifupa chokaa yake. Kuna wanaosema kwamba kila ugonjwa, hata saratani, hutoka katika asidi. Mwalimu mkubwa wa maneno hayo alikuwa Robert Young wa California, Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002 kilienea sana. Mwaka 2016 mahakama ya huko ilimtia hatiani kwa kutibu watu bila leseni, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitatu. Maneno yake yamevuka bahari na kufika magulioni kwetu, lakini habari ya hukumu yake haikusafiri pamoja nayo.

Jambo hili lingekuwa la mchezo kama lingeishia kwenye fedha zilizopotea. Lakini haliishii hapo.

Jirani yetu mmoja, mtu wa makamo, alikuwa na kisukari, naye alichoma sindano za insulini kila siku kama alivyoagizwa. Mchuuzi mmoja akamwambia kwamba kisukari ni asidi tupu, na kwamba akinywa maji ya magadi na dawa yake hatahitaji sindano tena. Akaziacha. Siku ya tatu jioni binti yake, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, alikuja mbio.

"Shikamoo, Mwalimu. Karatasi ya baba imekuwa nyekundu kabisa. Tumwongezee magadi?"

"Marahaba, binti yetu. Baba anapumuaje?"

"Anahema kama aliyekimbia, ilhali amelala. Na kinywa chake kinanuka kama matunda yaliyoiva mno."

Tulimwambia asimwongezee kitu chochote, bali itafutwe gari saa ile ile, na daktari aelezwe wazi kwamba mgonjwa ameacha sindano. Tulikwenda naye. Alikaa hospitali siku nyingi, na kwa siku mbili za kwanza hakuwajua hata watoto wake. Alipona, na sasa yupo nyumbani na sindano zake.

Wasomaji waelewe kilichotokea. Insulini ikikosekana, mwili hauwezi kuitumia sukari, hivyo huyachoma mafuta yake kwa wingi, na moshi wa moto ule, tukisema kwa mfano, ni asidi. Asidi hiyo huwa nyingi kuliko uwezo wa walinzi wote watatu. Mapafu hujitahidi kuitoa, ndiyo sababu ya kuhema kule kwa nguvu, ambako daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alikueleza mwaka 1874. Hapo ndipo damu yenyewe huingia asidi kweli kweli, na mtu hufa. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Canada, mwaka 1921, aliyefikia hali hiyo kwa kawaida hakupona. Basi angalieni: hatari ya asidi katika damu ipo, lakini haikuletwa na nyama wala dagaa, wala haiondolewi na magadi. Ililetwa na kuacha dawa.

Kuhusu magadi yenyewe tuna neno. Sisi twayapenda kwa kulainisha maharage na mlenda, nayo hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Natron kwetu na Magadi huko Kenya. Kiasi kidogo katika chungu ni desturi ya wazee. Lakini kuyanywa kama dawa ni jambo lingine. Yana sodiamu nyingi, ambayo huwadhuru wenye shinikizo la damu. Magadi ya Tanzania yaliyopimwa na wataalamu mara nyingi yameonekana kuwa na floraidi, ile ile iyatiayo meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Hata chunguni, yakizidi huharibu vitamini za mboga. Kiungulia yaweza kukituliza kwa kitambo, lakini kidonda cha tumbo hayakiponyi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha toka mwaka 1982 kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na kijidudu, na kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hicho huuawa kwa dawa za hospitali katika majuma machache. Anayekunywa magadi mwaka mzima anakilea kidonda chake.

Je, basi hakuna faida yoyote ya kujua asidi ya mkojo? Ipo. Kuna mawe ya figo yanayofanyika katika mkojo wenye asidi nyingi, hasa ukiwa chini ya 5 na nusu, na mengine hufanyika katika mkojo wa alkali. Daktari aliyekwisha kujua ni jiwe la namna gani aweza kumpa mgonjwa dawa ya kuupunguzia mkojo asidi, akaupima mara kwa mara. Matunda ya jamii ya limau na chungwa yana sitrati, ambayo huzuia baadhi ya mawe kukua. Lakini kinga iliyo kubwa kuliko zote ni maji. Wachimbaji wetu washindao juani, wakatoka jasho tangu asubuhi bila kunywa, mkojo wao huwa mchache na wa rangi ya chai. Chumvi zilizomo hukosa nafasi, zikashikana zikawa jiwe. Mtu anywe maji mpaka mkojo wake uwe na rangi hafifu. Kipimo hicho hakihitaji karatasi, wala hakiuzwi.

Wenye jongo wapunguze nyama, hasa maini na figo, na waache pombe. Wenye figo mbovu wasijiamulie wenyewe hata habari ya matunda, maana potasiamu iliyo njema kwa mzima yaweza kuwa hatari kwao, waulize hospitalini.

Kwa sisi wengine shauri ni jepesi. Vyakula vyetu vya Usukumani, tukivichanganya, vimekwisha kupimana vyenyewe. Ugali wa mtama na dagaa huleta asidi kidogo. Mlenda, nsansa na matembele huleta alkali. Michembe na matobolwa yametoka katika viazi vitamu, na vimo upande wa alkali. Karanga tunazovilia zimo upande wa pili. Ubuyu, mapapai na maembe wakati wake tuwape watoto, maana matunda ndiyo tuyasahauyo mezani. Kosa la walaji wengi ni kula ugali mwingi na mboga kijiko kimoja.

Na akina mama twawasihi jambo moja kwa nguvu: msimnyime mtoto yai, maziwa wala dagaa kwa kuogopa asidi. Asidi ya yai moja figo za mtoto mzima huitoa kabla ya kesho. Lakini mtoto akinyimwa vyakula vya kujenga mwili, nywele hubadilika rangi, miguu huvimba, na akili haichangamki darasani. Sisi tunaosimama mbele yao kila asubuhi twawatambua watoto hao bila karatasi yoyote. Fedha ya chupa ya mchuuzi hununua mayai na machungwa ya siku nyingi. Mzigo wa mayai na machungwa ni mzito kidogo kuubeba kutoka gulioni kuliko chupa, lakini ukifika nyumbani watoto wataushangilia.